Kapu langu linanipa mawazo

SWALI: Anti shikamoo. Kila nikienda kununua chakula naduwaa tu mbele ya shelfu, hiki kimetoka mbali, kile kimefungwa plastiki, kingine kina lebo ya haki kwa wakulima ila bei imechangamka. Nianzie wapi jamani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Punguza presha kwanza, kapu lisilo na dhambi sijaliona bado. Wengi mnahangaika na umbali, kumbe kwa vyakula vingi usafiri ni sehemu ndogo tu ya uchafuzi, shida kubwa iko shambani, ng'ombe anacheua anatoa methani, gesi inayopasha dunia joto, na misitu inafyekwa apate malisho, kwa hiyo ukipunguza nyama ya ng'ombe ukala maharage au dengu umefanya kazi kuliko kukimbizana na lebo. Kilichokuja kwa ndege ndo ukikwepe, meli ina nafuu mno. Plastiki inakera, hata mimi, ila inasaidia chakula kisioze haraka, na kikikuozea kimekwenda na maji, mbolea na jasho la mtu. Mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani kama bilioni 1, na zaidi ya nusu ilitoka majumbani. Lebo ya haki? Hela ikiruhusu anza na kakao, maana huko watoto wanatumikishwa mashambani. Isiporuhusu, maliza kwanza kilichopo jikoni.