Mama, wanasema Mungu ana mpango. Mbona siuoni?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo lilelile kwa sura mbalimbali: baada ya haya yaliyonipata, niishi kwa ajili ya nini? Nimechagua chache na kuzifupisha.

Biashara yangu ilikufa mwaka juzi. Kila anayenipa pole ananisomea Yeremia 29:11. Huo mpango mwema uko wapi?

Mwanangu, hata mimi mstari huo umewahi kunikera, maana watu huukata kama kiraka na kukubandika. Panda mstari mmoja juu. Aya ya 10 inataja miaka 70. Barua ile ya Yeremia waliandikiwa Wayahudi mateka walioko Babeli, na wengi walioisikia ikisomwa walikuwa wazee kiasi cha kujua watazikwa hukohuko. Nabii Hanania alikuwa ametangaza kwamba mambo yangekwisha ndani ya miaka 2, na nadhani huyo ndiye aliyependwa zaidi. Yeremia yeye akaandika: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, ozeni watoto, uombeeni amani mji huo mliohamishiwa.

Kwa hiyo usikae ukingoja maono. Tafuta bustani yako ilipo leo. Kwako wewe, kwa jinsi ulivyoeleza, naona ni wale wanaokudai. Mwendee mmoja kabla hajakujia, mwambie unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Najua halina utukufu wowote, lakini ni jambo unaloweza kulifanya kesho asubuhi.

Nilifiwa na mume wangu, sasa ni mwezi wa saba sijasali. Nikipiga magoti nalia tu au nasinzia. Imani yangu imekufa?

Pole sana, mwanangu. Soma 1 Wafalme 19 polepole. Nabii Eliya ametoka kuona moto ukishuka kutoka mbinguni, kisha yuko peke yake jangwani chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Malaika anakuja. Hamhubirii, wala hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Anamgusa: inuka, ule. Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, analala tena, anaamshwa tena, anakula tena. Kazi mpya anapewa baadaye sana, baada ya mwendo wa siku 40 hadi mlima Horebu.

Nilipomzika mwanangu wa pili, mama mmoja wa kanisani alikuja nyumbani bila Biblia. Akaangalia masufuria yaliyoganda, akapandisha mikono ya gauni, akayasugua yote, akaanika kitambaa cha vyombo, akaaga. Sikumbuki hata neno moja la mahubiri ya juma lile. Kile kitambaa nakikumbuka.

Kulia huko ukiwa magotini, mimi nakuhesabia ni sala. Siku ukikosa maneno kabisa, azima ya Zaburi 88, inayoishia gizani bila shukrani yoyote, na bado imo ndani ya Biblia. Ila kama na wewe umefika pale pa Eliya, pa kutamani kufa, usilale leo hujamwambia mtu aliye karibu nawe, na daktari pia.

Kiongozi wangu wa maombi anasema kumeza dawa za sonona ni kukosa imani.

Usiziache. Paulo alisafiri na Luka, na katika Wakolosai 4:14 anamwita tabibu mpendwa. Ukitaka kubadili chochote, zungumza na aliyekuandikia dawa.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya. Nilianguka dhambini, nikawekwa chini ya nidhamu, nimetubu. Je, Mungu anaweza kunitumia tena?

Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa, uani kwa kuhani mkuu. Katika Yohana 21 anafika ufukweni, anakuta nini? Moto wa makaa, na samaki juu yake. Sidhani Yohana aliutaja kwa bahati mbaya. Ile harufu peke yake ingetosha kumkumbusha usiku ule. Lakini Bwana aliwaita kwanza Petro na wenzake wafungue kinywa, na maswali yakaja baada ya kula: wanipenda? Mara tatu, kama alivyokana mara tatu. Na kila jibu lilifuatwa na kazi: lisha, chunga, lisha kondoo zangu.

Lakini angalia, hakurudishiwa wavu. Huenda na wewe usirudishiwe kwaya, na wale uliowaumiza wana haki ya kuchelewa kukuamini. Kuna kondoo wasioimba. Nani anamtembelea mgonjwa ambaye hajaja ibadani tangu mwaka jana?

Ni lazima nitoe ushuhuda mbele ya kanisa zima?

La. Yule binti wa Yairo alipofufuliwa, Bwana alikataza habari zisienezwe, akasema apewe chakula.