Jibu: Kifafa kikimwangusha mwendesha boda, ni kitendo chake?

Salaam ndugu yangu wa Mbale, poleni sana. Umeuliza kama kaka yako, aliyeshikwa na kifafa akiwa kwenye boda akaangukia kibanda cha muuza nyanya, ametenda kosa.

Kwanza angalieni: alijua ana kifafa? Alimeza dawa asubuhi ile? Kanuni ya Adhabu ya Uganda haimtii mtu hatiani kwa jambo lililotokea bila utashi wake, ila uzembe una vifungu vyake. Mkono uliokakamaa si kitendo. Kupanda pikipiki ukijua hali yako ni kitendo. Polisi watauliza hilo, kwa hiyo tafuteni kadi ya kliniki mapema. Niliwahi kusimama na jirani kwenye shauri kama hili, na kadi yenye mihuri ya kila mwezi ndiyo iliyosikilizwa.

Anayekuletea majaribio ya mwanasayansi wa ubongo Libet ya 1983, kwamba ubongo huanza kitendo kabla hatujajua tumeamua, mwache. Yale yalihusu kukunja kifundo cha mkono kwa hiari, si mkono unaokakamaa kwa kifafa.

Nyanya lipeni hata hivyo. Dini hupima matendo kwa nia, lakini Kurani inamdai diya, yaani fidia ya damu, hata aliyeua bila kukusudia. Waambieni wazee wa ukoo waandike kwenye makubaliano kwamba fidia hiyo si kukiri kosa.