Usiache kazi kwa ajili ya matikiti ya Ramadhani

Mkuu, hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke. Nimesoma uzi wako mpaka mwisho: umeajiriwa Dar, una akiba kidogo, umepata ekari tatu za kukodi Mkuranga, unataka kuacha kazi mwezi huu ili ulime matikiti yaangukie Ramadhani. Unauliza mbegu gani, pampu gani, na mkeo umwambieje. Mbegu na pampu vitasubiri.

Hayo maneno ya "toka kwenye mazoea, choma meli, usibakize pa kurudi" nayajua. Mimi niliambiwa ukumbini, tena kwa kiingilio. Mhamasishaji alisimama na kalamu ubaoni: ekari moja mimea 4,000, kila mmea matunda mawili, kila tunda shilingi 1,500, jumla milioni 12. Ukumbi mzima makofi. Yule bwana zao pekee alilowahi kuvuna ni viingilio vyetu. Na hicho kisa chao cha Cortés, yule Mhispania aliyeivamia Meksiko, kuchoma meli zake ni uongo. Mwaka 1519 alizizamisha, hakuzichoma, na kabla ya hapo alishusha pwani kamba, matanga na vyuma. Vifaa hivyo ndivyo vilivyotumika kwenye mashua alizoshambulia nazo Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mwaka 1521. Hata huyo wanayemtolea mfano aliweka akiba!

Mimi niliacha kazi. Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho kitakachokukuta.

Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Tikiti linakaa shambani siku 75 hadi 90 kutegemea mbegu, kwa hiyo nilipanda mwanzoni mwa Desemba. Maua yakaja katikati ya Januari. Januari, mkuu! Ada, sare, madaftari, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Mshahara hakuna. Hela ya dawa ikawa ada, hela ya mafuta ya pampu ikawa unga. Nyumba ilikula shamba likiwa bado halijazaa.

Na hapo kwenye maua ndipo tikiti linapotaka hela na macho. Ua la kike lina kitikiti kidogo nyuma yake, chenye vinyweleo, kama ncha ya kidole. Linafunguka asubuhi, na siku hiyohiyo limefunga, basi. Nyuki wasipolifikia asubuhi ile, kitikiti kinageuka njano na kudondoka. Likichavushwa nusunusu, tunda linapinda na halinunuliki. Ukipiga dawa asubuhi umeua nyuki wako mwenyewe. Dawa ni jioni. Kisha anakuja inzi wa matunda. Anadunga tunda changa na kutaga ndani, kwa nje unaona kitone tu, ukipasua ni funza. Mitego inapaswa kuwepo kabla yake, na mimi hela ya mitego ilikuwa imeshalipa shule.

Yaliyobaki niliyapeleka sokoni wiki ileile waliyopeleka wenzangu wote, kwa sababu kila mmoja wetu alihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ileile. Mwenye mshahara anaweza kumkatalia dalali akasubiri siku tatu. Asiye nao anauza kwa bei anayotajiwa, na dalali anamsoma usoni kabla hajafungua mdomo.

Umeandika pia kwamba utajishikiza na fao la kukosa ajira. Halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Nenda NSSF uulize kabla, usije ukaulizia baada.

Sheria yangu ni moja: usiache kazi mpaka shamba limekulipa misimu miwili mfululizo, matikiti umeyauza wewe mwenyewe, na mshahara ukiwa bado unaingia. Kuthubutu kwa kweli ninakokujua ni kuamka Jumamosi alfajiri wenzako wamelala, kupanda gari la kwanza Mbagala Rangi Tatu, kushinda kwenye robo ekari, kurudi na matope, na wiki ijayo kwenda tena hata kama mvua imekukatisha tamaa. Hakuna atakayekupigia makofi. Lakini ndivyo ninavyolima sasa, nikiwa nimerudi kwenye ajira, na shamba linajilipia dawa zake lenyewe.

Sheria ya kazi inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Omba ianguke kwenye wiki za maua, ukalale shambani, uone asubuhi zile kwa macho yako. Mkeo mwambie hivyohivyo, mpe na hesabu ya Januari aishike yeye.

Na mwenye shamba unayetaka kumlipa Ijumaa, mwambie unaanza na robo ekari. Akikataa kugawa, tafuta mwingine. Barabara ya Kilwa yote ile hutakosa.