Re: Maua ya mwembe yanageuka meusi

Salaam ndugu. Umesema mwembe wako wa aina ya ngowe hapo Malindi unachanua vizuri, ila mvua ikinyesha tu maua yanageuka meusi na kupukutika. Usikimbilie dawa kwanza. Kata shada moja la maua asubuhi ulitazame kwa karibu. Ukiona unga mweupe kama wa muhogo, huo ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu: puliza salfa, lakini si juani, itaunguza maua. Ukiona vidoa vyeusi vinavyoungana, ni chule, ugonjwa mwingine wa ukungu; hapo puliza dawa ya kopa (yenye madini ya shaba), na uiwahi kabla maua hayajafunguka. Mimi huanza na msumeno, napunguza matawi ya katikati ili upepo wa bahari upite na majani yakauke upesi. Vijiti vilivyokufa navyo viondoe, chule hujificha humo. Tuma picha ya shada tulione.