Karafuu, wakfu na uchumi wetu

SWALI: Asalaam alaykum mhariri. Mimi kijana wa Wete. Rafiki yangu ananiambia uchumi wetu hautotoka ukoloni mpaka dini na mila zikae mbali na biashara. Kweli?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mimi nasema hapana. Hao Waingereza walipoutia ulinzi wao hapa Zanzibar 1890 hawakuiacha dini kando, 1905 wakaweka sheria ya wakfu, na mali waliyoitoa wazee kwa misikiti na mafakiri ikawa chini ya kamisheni ya serikali. Sasa ukiitoa dini unatoa nini, unakuwa unamalizia kazi yao tu!

Ila kwenye karafuu, hapo ndo ukoloni ulipobaki. Mikarafuu yenyewe imeenea kwa jasho la watumwa, na waliowamiliki wengi walikuwa Waislamu wenzetu, tusilifiche hilo. Leo tunaanika karafuu kwenye majamvi, tunalipelekea ZSTC, shirika la biashara la serikali, nyingi inasafirishwa vilevile kavu. Makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ndo yanakamuliwa mafuta pale Wawi, Pemba, viwanda kama kile nataka tuwe navyo vingi, na mtaji upatikane bila riba, PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, wana huduma ya kiislamu, kaulizeni mkiwa kikundi.