Mpira wa Gofu Hauinuliwi

Jumamosi iliyopita, katika uwanja wa Lugalo jijini Dar es Salaam, nilimaliza mashimo 18 kwa mikwaju 97, na katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye bora. Kwa waliokulia viwanjani hiyo si habari kubwa, lakini kwangu mimi niliyeshika fimbo kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 41, ilikuwa mara ya kwanza kushuka chini ya 100, na sioni sababu ya kuificha furaha yangu. Jioni hiyohiyo nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa Moshi: “Dada, nimefundishwa mwezi mzima na mpira bado unatambaa ardhini. Ninakosea wapi?”

Swali hilo lilinigusa panapouma. Mwalimu wangu wa kwanza, ambaye sitamtaja wala sitaitaja klabu yake, aliniambia mbele ya watu sita kwamba mikono yangu ilizaliwa kushika mchi, na wote wakacheka. Nilikuwa nimelipia masomo kumi. Nikaacha baada ya la tatu. Miaka mitatu imepita, na kinachoniuma hadi leo ni kwamba alikuwa ameliona kosa langu vizuri kabisa, nami nilikuwa nimemlipa anieleze, akachagua kuwachekesha watu kwa kunidhihaki.

Aliyenieleza alikuwa kedi mmoja wa makamo, yaani mbeba fimbo za wachezaji, siku nilipokuwa nikifanya mazoezi peke yangu na kila mpira ukiishia hatua ishirini mbele. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, “Mama, usiuinue mpira. Fimbo inaijua kazi hiyo.” Akanionyesha uso wa ayani namba 7, fimbo ya chuma ya masafa ya kati, jinsi ulivyolala kwa nyuma, takribani nyuzi 30 hivi, na akanieleza kwamba mlalo huo ndio unaourusha mpira juu. Mimi nilikuwa nauchota mpira kama mtu achotaye maji kisimani: uzito ulibaki mguu wa kulia, viwiko vikakunjana, na fimbo ikafika kwenye mpira ikiwa tayari inapanda, ikaugonga utosini. Ndiyo maana ulitambaa, na ndiyo maana, mdogo wangu wa Moshi, wako nao unatambaa.

Kabla ya kuniruhusu nipige tena, alinirudisha kwenye mshiko. Nilikuwa nikiishika fimbo kwa kiganja na kwa nguvu zote, kama mwiko wa kusongea ugali, wakati fimbo ya gofu hukaa zaidi kwenye vidole, mkono wa kushoto ukiwa juu na wa kulia chini yake kwa sisi tunaotumia mkono wa kulia. Wachezaji wengi hukilaza kidole kidogo cha mkono wa kulia juu ya mkono wa kushoto, mshiko unaobeba jina la Harry Vardon, aliyetwaa Ubingwa wa Wazi wa Uingereza mara 6 kati ya 1896 na 1914. Vidole vyangu ni vifupi, kwa hiyo nilichagua ule wa kufungamanisha vidole, ambao mabingwa wa Marekani Jack Nicklaus na Tiger Woods wameutumia maisha yao yote ya mchezo. Chagua unaokufaa, ila usikabe. Mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, hakuna haja ya kuupigia kwa hasira.

Baada ya hapo ni mwili. Miguu ikae kwa upana wa mabega, mpira uwe katikati yake kwa ayani namba 7, mgongo unyooke huku ukiinama kutoka kwenye nyonga. Unapoipeleka fimbo nyuma, yanayogeuka ni mabega, karibu nyuzi 90, na nyonga hugeuka kama nusu ya hapo. Kurudi chini huanzia chini: uzito uhamie mguu wa kushoto, nyonga zifunguke kuelekea unakolenga, na mikono ifuate baadaye. Mimi nilianza kwa mikono kwa miezi mingi, na kila nilipofanya hivyo nilirudi kulekule kwenye kuchota. Ukifanya sawasawa, fimbo hugusa mpira kwanza, kisha hukata nyasi mbele yake, na swingi, yaani mzungusho wa fimbo, inaisha ukiwa umesimama juu ya mguu wa kushoto, kitovu kikitazama lengo.

Miezi iliyofuata sitaisimulia. Ilikuwa ni nyasi, jua na malengelenge.

Ninachotaka kusema kwa uzito, kwa sababu sote tunaosoma hapa tunatamani handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji, kikishuka ndivyo alivyo bora) ya chini ya 20, ni kwamba tunaharibu mikono yetu kwa kukimbilia draiva, fimbo ya kupigia mpira mbali. Ni fimbo ndefu kuliko karibu zote zilizomo katika mkoba wa fimbo 14, uso wake una mlalo mdogo mno, na kosa dogo la mshiko linaupeleka mpira vichakani upande wa kulia. Nimewaona watu wazima wenye kazi zao za heshima wakitoa mamilioni kununua draiva mpya ili kutibu ugonjwa ulioko kwenye vidole vyao. Acheni, ndugu zangu. Rudini kwenye mshiko, rudini kwenye uzito kuhamia kushoto, na msiuinue mpira.

Nawe wa Moshi, Jumamosi hii iache draiva nyumbani. Chukua ayani namba 7, chora mstari wa unga kwenye nyasi za uwanja wa mazoezi, simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako, na uzungushe fimbo mara hamsini bila mpira. Tazama mahali nyasi zinapokatika. Zikikatika nyuma ya mstari, uzito wako bado umebaki kulia. Zikianza kukatika mbele yake, mara kumi mfululizo, hapo ndipo uweke mpira.