Kinyonga kung'ang'ania wavu: shida ni matawi, sio tabia yake

Mkuu nimesoma ulivyoeleza, kinyonga dume wa aina ya Yemeni wa miezi mitano, tundu la wavu la sentimita 60 kwa 60 kwa 120, ndani fito mbili zimesimama na maua ya plastiki, na kutwa anatambaa kwenye wavu mpaka kang'oa ukucha. Huyo sio mkaidi wala hajakuchukia, hana pa kupita tu. Mimi nipo Birmingham, mwaka wa sita huu naishi na wa aina hiyohiyo, nimemlea tangu yuko kama kidole changu cha kati, na nilianza na tundu kama lako.

Mimi mtu wa Lushoto, kwetu vinyonga walikuwa kwenye uzio wa miti nyuma ya jiko, wakubwa wanawaogopa wanasema mkosi, sisi watoto tunachuchumaa tunawatazama. Ninachokumbuka ni kwamba muda mwingi walikuwa juu ya vijitawi vilivyolala, wanavuka kutoka kichaka hiki kwenda kile hawagusi chini. Sasa wewe umempa nguzo mbili za kusimama, katikati hewa tupu, kwa hiyo barabara pekee iliyobaki ni wavu, na wavu ndo unaomng'oa kucha.

Muangalie mguu wake kwa karibu. Umegawanyika kama koleo, mbele vidole vitatu ndani viwili nje, nyuma kinyume chake, umeumbwa kukumbatia. Akishika tawi, ukiona vidole vimekutana na kupitana tawi ni jembamba, ukiona mguu umelala juu kama kiganja kwenye meza ni nene mno. Matawi yenye unene wa kidole gumba ndo yake ya kupita kila siku, lakini weka na membamba kama penseli na mengine manene kidogo maana unene mmoja tu kutwa kucha unamchosha miguu. Na achana na zile fito laini za kununua dukani, zinateleza. Mimi jirani alikuwa anapogoa mtufaha wake nikaomba matawi, nikayasugua kwa maji ya moto na brashi, nikayakausha, gome nikaliacha. Mwaloni nao mzuri. Misonobari yenye utomvu usiweke, na hakikisha mti haujapuliziwa dawa.

Kupanga anzia juu. Tawi la kwanza ni la kuotea joto, lilale kabisa, upande mmoja wa tundu chini ya taa. Hapa nilikosea na nataka ulishike hili. Nilipima umbali wa taa toka kwenye tawi, akiwa mdogo ilikuwa sawa, akakua, mgongo ukapanda, kile kilemba cha kichwani kikapanda, siku moja nikaona alama nyeusi mgongoni nikadhani kabadilika rangi kumbe ni kuungua. Ilichukua miezi kupona na kovu lipo mpaka leo. Kwa hiyo pima toka mgongoni, mimi naacha sentimita 20 mpaka 25, na weka kipima joto palepale mgongo unapokaa, wangu namuweka kwenye nyuzi joto 29 au 30 basi. Na pasiwe na kitu cha kumfikisha juu zaidi ya hilo tawi, maana atapanda tu.

Kutoka hapo shusha matawi ya ulalo ngazi kwa ngazi kuelekea upande wa pili wenye kivuli, kila moja ligusane na lingine, aweze kutoka joto mpaka baridi bila kukanyaga wavu hata mara moja. Mimi natembeza vidole vyangu viwili juu yake kama miguu, pale vidole vinaporuka ujue na yeye atakwama. Wavu peke yake haubebi uzito, matawi yafunge kwenye fremu kwa vile vikamba vya plastiki mafundi umeme wanafungia nyaya, na ncha zikate zisimchome.

Mimea sasa. Maua ya plastiki toa leo, hawa wa Yemeni wanakula majani kweli kweli, akimeza kipande cha plastiki kinaweza kumziba tumbo. Weka fikasi au shefulera ya kwenye chungu iwe kama mti wa katikati, na pothosi ile ya kutambaa uining'inize upande wa kivuli ishuke kama pazia, na ukipata hibiskasi weka, wangu maua yake anayafuata mwenyewe. Osha majani yote, udongo wa dukani badilisha, juu yake weka mawe makubwa kuliko mdomo wake. Kona ya nyuma kuwe na majani mengi kiasi kwamba akiamua usimuone basi humuoni. Watu wanaona uchungu kununua mnyama halafu hawamuoni, lakini akiwa na pa kujificha ndo anatoka, asipokuwa napo ana wasiwasi siku nzima. Tundu liinue kwenye meza akutazame kwa juu, sio wewe umuinamie.

Majani hayohayo ndo bakuli lake, maji yaliyotuama kwa kawaida hayajali, anaramba matone. Kwa hiyo unapopulizia puliza juu ya majani karibu na tawi analokaa, na chini weka trei ya kukinga.

Ila hakikisha kweli ni dume, awe na kijichongo kidogo kisiginoni mguu wa nyuma. Kama hana ni jike, na jike anataga hata bila dume, atahitaji chombo cha mchanga na udongo wenye unyevu wenye kina cha sentimita 30 hivi, usilisubirishe hilo.

Ukimaliza kupanga usimshike siku mbili tatu. Usiku, nusu saa baada ya taa kuzimwa, chungulia na tochi hafifu, wangu hulala ncha ya kijitawi chembamba, kapauka, mkia kauviringa kama mkate wa ufuta uliokunjwa. Ukimkuta bado kalala kwenye wavu, piga picha ya tundu kwa mbele taa zikiwa zinawaka uitupie hapa, nikuoneshe barabara imekatika wapi.